Nani Anaongoza katika Tiba ya Jeni kwa Upofu wa Kurithi?

Mzazi akishaambiwa na daktari bingwa wa macho kwamba mwanawe ana ugonjwa wa retina wa kurithi, na kwamba hakuna miwani wala matone yatakayomsaidia, swali linalofuata halichelewi: basi nimpeleke wapi? Ndugu na jamaa hujitokeza na majibu. Mmoja hutaja India, kwa kuwa ndiko wengi walikokwenda kwa ajili ya moyo na figo. Mwingine hutaja London. Siku hizi yupo na wa tatu, aliyesoma kwenye simu kwamba Wamarekani wanadunga jeni ndani ya jicho na kipofu anaona.

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili, ila jibu lake halifanani na la moyo. Hospitali iliyobobea katika moyo huwafaa wagonjwa wengi wa moyo. Kwa retina mambo ni mengine: kituo kinachoongoza duniani kwa mtoto wako chaweza kisiwe na chochote cha kumpa mtoto wa jirani mwenye dalili zile zile, kwa sababu watoto hao wawili wameharibikiwa jeni mbili tofauti. Hilo lisipoeleweka, familia huuza kiwanja, husafiri, na hurudi na mikono mitupu.

Retina ni utando mwembamba uliotanda nyuma ya jicho, upande wa ndani. Ndiko mwanga unakogeuzwa kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo. Kazi hiyo inategemea protini nyingi, na kila protini ina jeni yake. Hadi sasa zimethibitishwa jeni zaidi ya 270 ambazo zikiwa na kasoro huleta ugonjwa wa retina. Wagonjwa wengine huanza kwa kushindwa kuona magharibi inapoingia. Kisha, mwaka hadi mwaka, uwezo wa kuona pembeni hupungua hadi wanabaki na kitundu cha katikati tu. Hiyo ndiyo retinitisi pigmentosa, ambayo humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000. Mwenye ugonjwa wa Stargardt hupoteza kwanza kuona kwa katikati: anajua mtu amesimama mlangoni, lakini uso wake hautambui. Na wapo wanaozaliwa na upofu wa Leber, ambao mama huwagundua mapema kwa kuwa macho ya mtoto huzungukazunguka bila kutulia usoni pa mama. Ukilitazama jicho kwa nje ni zima kabisa, halina weupe wa mtoto wa jicho wala wekundu, na ndiyo maana walimu wengi hudhani mwanafunzi wa namna hii ni mzembe.

Wazo la tiba ya jeni ni jepesi kulieleza. Seli imekosa nakala nzima ya jeni fulani, basi ipelekewe. Mbebaji wake ni kirusi kidogo kiitwacho AAV, ambacho hakijulikani kusababisha ugonjwa kwa binadamu. Maabara hukitoa jeni zake chenyewe na kuweka jeni ya binadamu mahali pake. Jicho lilipendelewa tangu mapema kwa sababu za kitabibu zilizo wazi: ni kiungo kidogo, kimejifunga, dozi inayohitajika ni ndogo, kinga ya mwili haiwaki humo kwa ukali uleule wa sehemu nyingine, na daktari anaweza kuitazama retina moja kwa moja. Sababu nyingine ni ya huzuni. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18 alifariki katika jaribio la tiba ya jeni ya ini katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na fani nzima ikaingia hofu. Dozi ndogo, ndani ya kiungo kilichojitenga, ilikuwa njia ya kuanza upya kwa tahadhari.

Ni katika mji wa Philadelphia, kilipo chuo hicho hicho, ambako tiba hii ilifika mbali kuliko popote. Jeni iliyofungua njia inaitwa RPE65. Michael Redmond, wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, alikuwa miongoni mwa walioitambua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi ya jeni hiyo ni kuirudisha vitamini A katika umbo linaloweza kupokea mwanga tena baada ya kutumika. Jeni hiyo ikiharibika, seli za kupokea mwanga hubaki hai kwa miaka kadhaa, lakini hazina malighafi ya kufanyia kazi. Kwa mtafiti, huyo ni mgonjwa wa bahati njema: mtambo bado upo, umekosa kitu kimoja tu.

Ikatokea kwamba mbwa wa jamii ya Briard, wachungaji wa kondoo wenye asili ya Ufaransa, baadhi yao huzaliwa vipofu kwa kasoro ya jeni hiyohiyo. Mwaka 2001 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell, Pennsylvania na Florida walitangaza kwamba mbwa watatu waliodungwa jeni hiyo wameanza kuona. Mmoja wao, Lancelot, alipelekwa hadi Washington mbele ya wabunge. Nyuma ya kazi hiyo walikuwapo Gregory Acland na Gustavo Aguirre, mabingwa wa macho ya wanyama. Samuel Jacobson, aliyekuwa amefuatilia wagonjwa wa retina kwa miaka mingi. William Hauswirth wa Florida, fundi wa kutengeneza virusi vibebaji. Na wanandoa Jean Bennett na Albert Maguire, mke mtafiti wa jeni na mume daktari wa upasuaji wa retina. Wanandoa hao baadaye waliwachukua mbwa wawili wa utafiti na kuishi nao nyumbani.

Mwaka 2007 timu tatu zilianza kudunga binadamu: moja London, moja Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, na ya tatu ikiunganisha Pennsylvania na Florida. Mwaka uliofuata zote tatu zilichapisha matokeo ya kwanza, na kila moja ikaonyesha kwamba jambo hili linawezekana na kwamba halimdhuru mgonjwa kwa kiasi cha kulizuia.

Upasuaji wenyewe unafaa kuelezwa, maana watu husikia neno sindano wakadhani ni kama chanjo. Mgonjwa hulazwa usingizi. Daktari hutoboa matundu madogo kwenye weupe wa jicho na kuondoa ute uliojaa ndani. Kisha huingiza mrija ambao ncha yake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, huusogeza chini ya hadubini hadi uiguse retina, na kusukuma dawa polepole mno. Retina huachana na tabaka lililo nyuma yake na kuinuka ikawa lengelenge. Kwa dawa ya RPE65 kiasi kinachoingia ni mililita 0.3, na ndani yake mna chembe za virusi bilioni 150. Maji hunyonywa taratibu na retina hurudi mahali pake. Wakati huo wote mgonjwa hutumia dawa za kutuliza kinga ya mwili, na jicho la pili hufanyiwa siku nyingine, si chini ya siku 6 baadaye. Mkono ukitetemeka, au lengelenge likiinuliwa kupita kiasi katikati ya retina, mtu anaweza kupoteza hata kile kidogo alichokuwa akikiona. Ndiyo maana hata leo dawa hiyo hutolewa katika vituo vichache vilivyoteuliwa.

Kulikuwa na tatizo jingine, ambalo utatuzi wake kwa maoni yangu ndio ulioitofautisha Philadelphia na wenzake. Utapimaje kwamba mtu aliyekuwa karibu kipofu sasa anaona vizuri zaidi? Ubao wa herufi wa kliniki haumsaidii, kwa sababu shida ya wagonjwa hawa ni mwanga hafifu. Timu hiyo ikatengeneza njia ya kupimia ndani ya chumba: sakafu ya takriban mita 1.5 kwa 3, yenye mishale ya kufuata, vizuizi vya kuruka na vya kukwepa, na mlango mwishoni. Mpangilio ulibadilishwa mara kwa mara ili mtoto asiukariri. Taa ziliwekwa katika viwango saba, kuanzia lux 400, sawa na ofisi yenye mwanga mzuri, hadi lux 1, ambayo ni karibu giza. Mgonjwa alihesabiwa amefaulu akimaliza ndani ya dakika tatu bila kukosea mara nyingi, na waliosahihisha walitazama video bila kujua nani ametibiwa na nani hajatibiwa. Katika jaribio la hatua ya tatu, lililofanyika Philadelphia na Chuo Kikuu cha Iowa chini ya Stephen Russell, wagonjwa 13 kati ya 20 waliotibiwa walifaulu katika lux 1 baada ya mwaka mmoja. Katika kundi ambalo lilikuwa bado halijatibiwa hakufaulu hata mmoja.

Oktoba 2017 kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipiga kura 16 kwa 0. Desemba mwaka huohuo dawa ya Luxturna ikaruhusiwa, ikiwa tiba ya kwanza ya jeni nchini humo kwa ugonjwa wa kurithi inayodungwa moja kwa moja mwilini. Kampuni ya Spark, iliyoanzishwa na hospitali hiyo ya watoto mwaka 2013, ilitangaza bei ya dola 425,000 kwa jicho moja. Macho mawili ni dola 850,000, zaidi ya shilingi bilioni 2 za Tanzania. Uingereza ilikubali mwaka 2019 kuigharimia kupitia huduma yake ya afya ya umma. Bei iliyoandikwa huko ni pauni 613,410 kwa macho yote mawili, ingawa serikali ilipewa punguzo la siri.

Sasa London. Hospitali ya Macho ya Moorfields ilianzishwa mwaka 1805, wakati askari wa Kiingereza walipokuwa wakirudi kutoka Misri na ugonjwa wa macho ambao leo tunauita trakoma. Jirani yake ni Taasisi ya Macho ya Chuo Kikuu cha London, UCL, na watu wa pande hizi mbili, akina Robin Ali na James Bainbridge, ndio walioongoza jaribio la 2007. Waliwatibu wagonjwa 12. Mwaka 2015 walichapisha taarifa ambayo wengine wangeikalia: wagonjwa sita walipata nafuu, nafuu hiyo ikafika kileleni kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, kisha ikaanza kushuka. Jacobson na wenzake walichapisha mwezi huohuo jambo linalofanana na hilo kutoka kwa wagonjwa wao. Chanzo kimoja kilichotajwa London ni kwamba kirusi chao kiliiamuru jeni ifanye kazi kwa nguvu ndogo kuliko inayohitajika. Kilichotumika Philadelphia kilikuwa na amri yenye nguvu zaidi. Lakini timu ya Jacobson ilikuwa imeonyesha pia kwamba hata mgonjwa anapoona vizuri zaidi, seli zake zinaweza kuendelea kufa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linahusu maana yenyewe ya kuongoza. Kituo kinachotangaza ushindi peke yake hakimsaidii mgonjwa anayetafuta ukweli. Taarifa zile mbili za 2015 ziliwafundisha watafiti wote kwamba dozi, nguvu ya jeni na umri wa mgonjwa ni mambo ya kupimwa upya, na kwamba tiba inayofika mapema huokoa zaidi.

London wenyewe walilifanyia kazi somo hilo. Ipo jeni iitwayo AIPL1 ambayo ikiharibika mtoto huzaliwa akitofautisha mwanga na giza tu, na seli zake hufa haraka mno. Mwaka 2020 watoto wanne, wenye umri kati ya mwaka mmoja na miwili na miezi kadhaa, kutoka Marekani, Uturuki na Tunisia, walidungwa jicho moja kila mmoja, kwa kibali maalumu cha kutengenezea dawa mgonjwa asiye na njia nyingine. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa 2025. Jicho lililotibiwa lilipata uwezo wa kuona vitu na sura za watu. Lile ambalo halikutibiwa liliendelea kudidimia hadi kutopimika. Kwa mtoto aliyezaliwa hivyo, kumtazama mama yake akamtambua si jambo dogo.

Lakini nguvu kubwa ya London, kwa mtazamo wangu, haimo katika chumba cha upasuaji. Imo katika kumbukumbu zake. Mwaka 2020 watafiti wa Moorfields walichapisha hesabu ya familia 3,195 zilizokuwa zimepimwa na jeni yao kupatikana: watu 4,236, jeni 135. Hii ni kazi ya miongo, ya kuwaita watu kliniki, kuchora ukoo, kutunza damu na picha za retina, na kurudi kwao kila teknolojia mpya inapopatikana. Ukiwa na daftari kama hilo, siku dawa inapokuwa tayari unajua ni nani wa kumpigia simu. Edwin Stone amefanya kazi ya namna hiyo Iowa, na si ajabu kwamba Iowa ndiyo iliyoungana na Philadelphia katika jaribio la mwisho. Ugonjwa ni adimu, mgonjwa wa jeni fulani yuko mmoja hapa na mmoja kule, na asiyekuwa na orodha hana jaribio.

Hesabu hiyo ya London inaonyesha pia tulipo. Jeni iliyoongoza kwa wingi wa familia ilikuwa ABCA4, ya ugonjwa wa Stargardt, karibu asilimia 21. Ya pili ilikuwa USH2A, karibu asilimia 9. RPE65, ambayo ndiyo yenye dawa, ni ya wachache sana. Na sababu ya ABCA4 kubaki bila dawa kama ile ni ya kimaumbile: kirusi cha AAV hubeba herufi za DNA takriban 4,700. RPE65 ni fupi, inaingia na nafasi inabaki. ABCA4 ina herufi karibu 6,800, na USH2A zaidi ya 15,000. Hazienei.

Hapo ndipo Napoli, Italia, inapojitokeza. Taasisi ya TIGEM, chini ya Alberto Auricchio, imeshughulika kwa muda mrefu na mbinu ya kuikata jeni ndefu vipande viwili, kila kipande kikasafiri na kirusi chake, vikaungana ndani ya seli. Napoli si wageni: Francesca Simonelli na kliniki yake ya macho walikuwa washirika wa Philadelphia tangu mwanzo, na baadhi ya wagonjwa wa kwanza wa RPE65 walikuwa Waitaliano. Mwaka 2024 walianza jaribio la vipande viwili kwa jeni ya MYO7A, inayosababisha sindromu ya Usher ya aina ya kwanza, ambapo mtoto huzaliwa kiziwi na baadaye hupoteza macho pia. Ningeulizwa ni jaribio gani nalifuatilia kwa hamu zaidi, ningetaja hilo, kwa sababu nitakayoieleza nikifika Afrika Kusini.

Oxford inafaa kutajwa kwa yale iliyoyapata na yale yaliyoikwama. Robert MacLaren alianza mwaka 2011 kutibu koroideremia, ugonjwa unaowapata zaidi wanaume, na taarifa ya 2014 kuhusu wagonjwa sita ilileta matumaini makubwa. Kampuni iliyozaliwa na kazi hiyo ilinunuliwa na Biogen mwaka 2019 kwa takriban dola milioni 800. Mwaka 2021 jaribio la hatua ya tatu likashindwa kufikia lengo lake kuu, na jaribio la jeni nyingine, RPGR, likashindwa mwaka huohuo. Nadhani si haki kusema tiba ile haikufanya lolote. Lengo lilikuwa mgonjwa aongeze herufi anazosoma ubaoni, ilhali wenye koroideremia wengi huhifadhi kuona kwa katikati kwa miaka mingi huku pembeni kukiliwa. Philadelphia walikuwa wametengeneza kipimo kinachoendana na ugonjwa. Hapa kipimo na ugonjwa havikukutana. Hata hivyo kipimo cha kutembea nacho si dawa ya kila kitu: mwaka 2025 tiba nyingine ya RPGR, iliyotoka UCL ikaendelezwa na Johnson & Johnson, ilipimwa kwa njia ya kutembea katikati ya vizuizi, nayo haikufikia lengo.

Ujerumani, Chuo Kikuu cha Tübingen pamoja na wenzao wa München wameshika akromatopsia, hali ya kuzaliwa bila kuona rangi na kuumizwa na mwanga wa mchana. Wagonjwa wao tisa wa kwanza hawakudhurika na walipata nafuu kidogo. Tübingen ni mahali pa kutazamwa kwa umakini wake wa kupima.

Portland, Oregon, ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Mwaka 2020, katika Taasisi ya Macho ya Casey, mgonjwa alidungwa chini ya retina mkasi wa CRISPR ili ukate kasoro ya jeni ya CEP290 papo hapo mwilini. CEP290 nayo ni ndefu mno kwa AAV, hivyo badala ya kupeleka nakala mpya walichagua kurekebisha iliyopo. Taarifa ya 2024, iliyoongozwa na Eric Pierce wa hospitali ya Mass Eye and Ear huko Boston, ilisema kati ya wagonjwa 14, 11 walipata nafuu katika angalau kipimo kimoja. Lakini kabla ya hapo kampuni iliyomiliki dawa ilikuwa imeshasitisha kuandikisha wagonjwa na kutafuta mshirika, ikieleza kwamba wanaonufaika dhahiri ni wachache mno. Hapa ndipo ninapoumia. Sayansi imefika kwenye jicho la mtu, imemwonyesha mwanga, kisha hesabu ya soko ikasema watu kama yeye hawatoshi.

Paris imechukua njia isiyouliza jeni gani imeharibika. Taasisi ya Maono, iliyoanzishwa mwaka 2008 na José-Alain Sahel, imejengwa kwenye hospitali ya Quinze-Vingts, ambayo mfalme Louis wa Tisa aliianzisha karne ya 13 kuwahifadhi vipofu 300. Sahel akishirikiana na Botond Roska wa Basel, Uswisi, aliendeleza optojenetiki: seli za kupokea mwanga zikishakufa, zile zilizokuwa zikipokea ishara kutoka kwao hupewa jeni ya protini inayohisi mwanga, asili yake ikiwa mwani. Mgonjwa huvaa miwani yenye kamera inayogeuza picha kuwa mwanga wa rangi inayofaa. Mwaka 2021 walieleza habari za mwanamume wa miaka 58, aliyegunduliwa na retinitisi pigmentosa miaka 40 nyuma. Akiwa na miwani hiyo aliweza kukitafuta kitu mezani, kukigusa na kuhesabu vilivyopo, na mitaani akaanza kuiona mistari myeupe ya kivuko cha waendao kwa miguu. Bado hasomi wala hatambui nyuso. Lakini kwa wagonjwa ambao seli zao zimeshakwisha, hakuna njia nyingine ya jeni inayowafaa.

Karibu zaidi na kwetu ipo Riyadh. Hospitali ya Macho ya King Khaled, ikishirikiana na Hauswirth wa Florida, ilianza mwaka 2011 kuwatibu wagonjwa sita wenye kasoro ya jeni ya MERTK. Baadhi walipata nafuu, na kwa wengine ikapotea baada ya muda. Uzito wa Riyadh ni kwamba magonjwa haya mengi humpata mtoto aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, na katika nchi za Ghuba, ambako ndoa za binamu ni desturi ya zamani, wagonjwa wa jeni zilizo adimu kwingineko hupatikana. Jamaa zetu wa Omani na wa pwani wanaooana ndani ya ukoo wana sababu ya kuifuatilia kazi hiyo.

Kusini mwa bara letu, Chuo Kikuu cha Cape Town kimekusanya familia zenye magonjwa ya retina tangu mwisho wa karne iliyopita, kazi iliyobebwa na akina Jacquie Greenberg na Raj Ramesar. Mwaka 2015 timu hiyo ilichapisha kwamba sehemu kubwa ya sindromu ya Usher miongoni mwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini inatokana na kasoro moja ya jeni ya MYO7A, iliyorithiwa kutoka kwa mzazi wa zamani. MYO7A ndiyo jeni inayojaribiwa Napoli. Kasoro moja ikirudiwa katika familia nyingi ina maana kwamba kipimo cha bei nafuu kinaweza kutengenezwa, na kwamba wagonjwa wa kutosha kwa jaribio wanaweza kupatikana barani humu. Yawezekana kasoro hiyo, au nyingine ya namna hiyo, iko pia huku Afrika Mashariki katika shule za watoto viziwi, kwa mwanafunzi ambaye amezaliwa hasikii na sasa anajikwaa jioni. Ni neno la kuchunguzwa, na uchunguzi huo hauhitaji mabilioni.

Najua hoja ya wenye kupinga. Huku wagonjwa wanasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, presha ya macho inawapofusha watu wakiwa hawajui, na hospitali za KCMC, CCBRT na Kikuyu zina foleni. Hoja hiyo ni ya kweli na mimi sipendekezi serikali yoyote ya ukanda huu inunue Luxturna leo. Ninachosema ni kwamba daftari la familia na kipimo cha jeni ni kazi tofauti na ununuzi wa dawa, na Tanzania imeshaifanya kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 2004 hospitali ya Muhimbili, kwa uongozi wa Julie Makani, ilianza kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu, maelfu ya watu, hadi ikawa moja ya orodha kubwa duniani za ugonjwa huo zilizokusanywa mahali pamoja. Mwaka 2019 taasisi za afya za Marekani na Wakfu wa Gates ziliahidi dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za bei nafuu kwa selimundu na VVU, Afrika ikilengwa. Fedha za namna hiyo huenda mahali ambapo wagonjwa wanajulikana.

Kwa familia iliyo na swali lile la mwanzo, hatua ya kwanza basi ni jeni kabla ya nauli. Kipimo hufanywa kwa damu au mate, na sampuli inaweza kusafiri bila mgonjwa. India, ambako wengi wetu hupeleka wagonjwa, ina vituo vyenye maabara za vinasaba vya macho, kama L V Prasad ya Hyderabad. Wazazi nao wapimwe, ili ijulikane kama zile kasoro mbili zimetoka kwa baba na mama. Kliniki yoyote inayotoza maelfu ya dola kwa sindano ya seli shina jichoni bila kuuliza jeni ikimbiwe: mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliopofuka baada ya kulipia huduma hiyo huko Florida. Katika jaribio halisi, dawa ya majaribio hailipiwi na mgonjwa, na majaribio huandikwa katika orodha za wazi ambazo daktari wako anaweza kuzitafuta kwa jina la jeni na kuandika barua.

Watoto wa Tunisia na Uturuki waliotibiwa London mwaka 2020 walichaguliwa kwa kuwa jeni yao ilikuwa imeshajulikana kabla hawajatimiza miaka mitatu. Kwa AIPL1, mtoto akishavuka miaka minne hivi, seli za kuokolewa huwa zimebaki chache mno.